Fungate kutoka Dagahaley: Mwongozo wa kuchagua hoteli tulivu ya ufuoni

KATIKA kambi ya Dagahaley, kaskazini mwa mji mdogo wa Dadaab, Kaunti ya Garissa, bahari ni jambo la kusimuliwa. Ardhi yake ni mchanga mwekundu, miti yake ni migunga na mathenge, na maji yake hutoka visimani. Hata hivyo, Bahari ya Hindi haiko mbali kama wengi wanavyodhani. Kwa mstari ulionyooka, Dagahaley na kisiwa cha Lamu vimetenganishwa na takriban kilomita 280, umbali ulio mfupi kuliko ule wa kwenda Nairobi.

Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1992, baada ya serikali ya Somalia kusambaratika, ikiwa mojawapo ya tatu za kwanza za Dadaab pamoja na Ifo na Hagadera. Tangu wakati huo imekuwa pia mahali pa kazi kwa maelfu ya Wakenya: walimu, wauguzi, mafundi wa visima, madereva, askari na wafanyabiashara. Mashirika mengi ya misaada huwapa wafanyakazi wake mapumziko baada ya kila wiki kadhaa, kwa kuwa mazingira ya kazi ni magumu. Miongoni mwao wapo waliofunga ndoa karibuni, na wapo wanandoa wanaoishi mbalimbali, mmoja kambini na mwingine Garissa, Nairobi au Mombasa. Kwao, siku tatu au nne ufuoni ndizo pekee za kuwa pamoja bila simu ya kazi wala foleni ya wageni.

Kwa watu kama hao, kukosea katika kuchagua hoteli si hasara ndogo. Mtu aliyeweka akiba kwa miezi sita, akasafiri siku nzima, kisha akajikuta katika hoteli yenye muziki hadi alfajiri na ufuo wa matope, hapati nafasi ya kurudia upesi. Picha za matangazo hazimsaidii, kwani kila hoteli hupiga picha siku ya jua, maji yakiwa yamejaa na wageni wakiwa wachache. Utulivu hutokana na mambo ambayo picha haiyaonyeshi: njia ya kufika, msimu, mwendo wa maji, majirani na kanuni za nyumba. Yote hayo yanaweza kujulikana kabla ya safari.

Siku saba za jadi

Wazo la wanandoa wapya kujitenga si la kigeni katika pande hizi. Neno la Kiswahili fungate lina asili ya hesabu: katika lugha za Wamijikenda, saba huitwa fungahe, na fungate ni siku saba ambazo bwana na bibi harusi hukaa ndani wakihudumiwa. Wasomali nao wana desturi ya siku saba za kukaa ndani baada ya harusi, ambazo humalizika kwa sherehe ya shaash saar, bibi harusi anapofungwa kitambaa cha kichwani kuwa alama ya hadhi yake mpya.

Desturi zote mbili zilihitaji nyumba iliyotulia, chakula kinacholetwa bila kuombwa, na watu wanaojua kutoingilia. Hoteli ya ufuoni iliyo nzuri kwa wanandoa ni ile inayotimiza mambo hayo matatu. Bahari, upepo na minazi huja baadaye.

Njia na usalama

Swali la kwanza kwa anayetoka Dagahaley ni namna ya kufika. Hoteli iliyo nzuri kupita zote haifai ikiwa msafiri atafika akiwa amechoka au amejawa na hofu.

Kutoka Dadaab hadi mji wa Garissa ni kama kilomita 100, kwa njia ambayo mvua huiharibu. Kutoka Garissa kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni barabara ya lami ya kilomita zipatazo 370 hadi Nairobi, ambako msafiri hupata ndege za kwenda Mombasa, Malindi, Lamu au Ukunda, au gari la moshi la Madaraka Express lililoanza kubeba abiria hadi Mombasa mwaka wa 2017. Ya pili hufuata Mto Tana kupitia Bura, Hola na Garsen hadi Malindi, na ndiyo inayotumiwa na mabasi yaendayo Mombasa. Kwa abiria wa basi anayeifuata njia hii, fuo za Malindi na Watamu huja kabla ya Mombasa, na hana haja ya kuvuka jiji.

Njia zote mbili huanza kwa kuvuka daraja la Tana pale Garissa, na hapo ndipo mvua huleta matatizo. Mafuriko ya Novemba 2023, na tena yale ya Aprili 2024, yaliifunika barabara upande wa Madogo na Mororo. Katika mafuriko hayo ya 2024, boti iliyokuwa ikiwavusha watu ilizama na maisha yakapotea. Anayepanga safari wakati wa masika hana budi kuacha siku moja au mbili za ziada, na kuchagua hoteli inayokubali kuahirisha tarehe.

Suala la usalama lina historia inayoiunganisha Dagahaley na hoteli za ufuoni moja kwa moja. Septemba 2011, watu wenye silaha walivamia hoteli ya kitalii karibu na Kiwayu, kaskazini mwa Lamu, wakamuua mgeni Mwingereza na kumteka mkewe. Oktoba 1 mwaka huo, mwanamke Mfaransa alitekwa nyumbani kwake katika kisiwa cha Manda, na baadaye akafia mikononi mwa watekaji. Oktoba 13, wafanyakazi wawili wa misaada, raia wa Uhispania, walitekwa katika kambi za Dadaab; waliachiliwa Julai 2013. Siku chache baada ya utekaji wa Dadaab, majeshi ya Kenya yaliingia Somalia. Kwa hiyo mwezi mmoja ulizifunga hoteli na kuwafanya wafanyakazi wa kambini waanze kutembea na walinzi.

Mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 yaliletea Kaunti ya Lamu kafyu ya usiku na misafara ya magari yenye kulindwa na polisi. Januari 2020, basi lilishambuliwa eneo la Nyongoro kwenye barabara ya Garsen kwenda Lamu. Tangu hapo barabara hiyo imewekwa lami na safari zimekuwa fupi, lakini msafiri anafaa kuulizia hali ya juma hilohilo, kusafiri mchana, au kupanda ndege hadi uwanja wa Manda. Ama njia ya moja kwa moja kutoka Garissa kupitia Ijara na msitu wa Boni, ijapokuwa ramani huionyesha kuwa fupi, si njia ya watu wanaokwenda kupumzika.

Aidha, kila msafiri abebe kitambulisho cha taifa. Kitahitajika kwenye vizuizi vya barabarani, katika kukata tikiti ya gari la moshi au ndege, na mezani pa mapokezi hotelini. Mkimbizi aliyesajiliwa kambini hana uhuru huo wa kuamka na kuondoka: anahitaji kibali cha kusafiri kutoka Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, na akipatikana nje ya eneo lake bila kibali anaweza kukamatwa. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, umenuia kuzigeuza kambi kuwa sehemu ya miji ya kawaida. Hata hivyo, mwenye kupanga harusi leo apate kibali mkononi kabla ya kulipa arubuni.

Msimu hubadilisha hoteli

Hoteli moja inaweza kuwa pepo Februari na kero Mei. Pwani huongozwa na pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma takriban Novemba hadi Machi. Bahari huwa tulivu kiasi, maji huwa maangavu, na joto hupanda sana Januari hadi Machi. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba. Huanza na mvua kubwa ambazo huzidi Mei, kisha huleta hewa ya baridi kidogo na mawimbi makubwa Julai na Agosti. Kati ya pepo hizo, hasa Oktoba, huwa kuna kipindi cha utulivu ambacho mabaharia wa kale walikiita matlai.

Mwenyeji wa Garissa atazitambua nyakati hizi kwa majina mengine. Mvua ya Aprili na Mei ndiyo gu ya wafugaji, na ile ya Oktoba na Novemba ndiyo dayr. Anayejua jilaal, kiangazi kikali cha Januari na Februari kinachokausha mabwawa, ajue kwamba wakati huohuo pwani ina bahari nzuri kuliko miezi mingine yote.

Kwa utulivu na bei, miezi miwili hupendekezwa na wenye kuijua pwani: Februari, baada ya wageni wa mwaka mpya kuondoka, na Oktoba, kabla ya msongamano wa Desemba. Julai na Septemba zina faida yake pia, kwani hewa ni ya kupendeza na nyangumi hupita mbele ya Watamu, ijapokuwa kuogelea hupungua. Mei na Juni bei hushuka, lakini baadhi ya hoteli hufunga kabisa kwa ukarabati. Peponi ya Shela, iliyofunguliwa mwaka wa 1967, ni miongoni mwa zile zenye mazoea ya kufunga wiki kadhaa katika msimu wa mvua.

Nyakati za kuepukwa na anayetafuta ukimya ni wiki ya Krismasi na mwaka mpya, Pasaka, na likizo za shule. Lamu hujaa pia wakati wa Maulidi, na wakati wa tamasha la utamaduni ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba. Hizo ni siku njema za kuiona Lamu, si siku za kujificha.

Mwezi mbinguni, maji ufuoni

Jambo linalowashangaza wengi wanaotoka bara ni kwamba bahari huondoka. Pwani ya Kenya maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku wakati husogea mbele kwa karibu dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3. Mahali penye miamba ya matumbawe, maji yakipwa mgeni huona uwanda wa mawe na mwani ukienea hadi mbali, na hawezi kuogelea kwa saa kadhaa.

Anayehesabu miezi ya Kiislamu tayari anayo ratiba ya bahari. Tarehe za mwanzo na za kati ya mwezi, kwa pwani ya Mombasa na jirani zake, maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Tarehe 7 au 8, na 22 au 23, ni za maji mafu: tofauti huwa ndogo, na maji hujaa katikati ya asubuhi. Kwa hiyo wanaokwenda pwani kwa Idd-ul-Fitr, ambayo ni tarehe mosi ya Shawwal, wataikuta bahari ikiwa mbali asubuhi na karibu alasiri. Wanaokwenda kwa Idd-ul-Adha, tarehe 10 ya Dhul-Hijja, wataikuta imejaa karibu na adhuhuri. Mwenye siku tatu tu afanye hesabu hii kabla ya kuchagua tarehe.

Jua nalo lina kanuni zake. Matangazo hupenda kuonyesha wapenzi wawili wakitazama machweo juu ya bahari. Pwani ya Kenya inatazama mashariki. Jua huchomoza baharini na kuzama bara, nyuma ya hoteli. Anayetaka machweo juu ya maji atafute hori au mlango wa bahari, kama vile Mida karibu na Watamu, au mkondo ulio kati ya Lamu na Manda. Katika fuo nyingine, saa ya wapenzi ni alfajiri, na chumba kinachotazama bahari kina thamani zaidi kwa anayeamka mapema.

Wapi pa kwenda

Shela na Manda. Kijiji cha Shela kiko kama kilomita 3 kutoka mji wa Lamu, ambao mwaka wa 2001 uliwekwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia. Ufuo wake una urefu wa kilomita zipatazo 12, wenye vilima vya mchanga na bila safu ya hoteli. Hakuna msongamano wa magari. Usafiri ni wa miguu, punda na boti. Mbali na hoteli, zipo nyumba za Kiswahili za ghorofa, zenye ua wa ndani na paa la kupumzikia, zinazokodishwa pamoja na mpishi na mtunzaji. Kwa wanaothamini faragha, nyumba ya namna hii hupita hoteli nyingi. Tahadhari ni mbili: ufuo mrefu wa Shela unatazama bahari kuu, na mawimbi na mikondo yake si ya kuchezewa, pia bei ya nyumba nzima huwa ghali kwa watu wawili, isipokuwa pale mwenyewe anapokubali kukodisha chumba kimoja. Ng'ambo ya mkondo, Manda ina hoteli chache zilizo mbalimbali, na usiku husikika maji tu.

Watamu. Hapa pana ghuba zenye mchanga mweupe na visiwa vya matumbawe, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka wa 1968 pamoja na ile ya Malindi. Kasa hutaga mayai katika fuo zake. Hoteli ni za kila aina, kuanzia zile kubwa zinazopokea familia hadi nyumba ndogo za vyumba vichache kuelekea hori la Mida. Karibu nazo ni magofu ya Gedi, yaliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka wa 2024. Wageni wanaoingia hifadhini kwa boti hulipa ada kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Malindi. Mji huu ni rahisi kufikika na una vyumba vya kila bei, lakini Mto Sabaki huingia baharini kaskazini mwake ukiwa na udongo kutoka bara. Katika miezi ya mvua maji ya ufuoni hugeuka rangi ya kahawia. Anayekwenda kwa ajili ya chakula, matembezi na mji wa kale hatajuta. Anayetamani maji maangavu aendelee hadi Watamu.

Tiwi na Diani. Kusini mwa Mombasa, Diani ina mchanga mwembamba mweupe na mwamba unaovunja mawimbi, lakini sehemu yake ya kati ina hoteli nyingi, mikahawa na muziki. Utulivu hupatikana zaidi kuelekea Galu na Kinondo upande wa kusini, au Tiwi upande wa kaskazini, ambako zipo nyumba ndogo za kujipikia. Kati ya Tiwi na Diani, penye mlango wa Mto Mwachema, umesimama msikiti wa kale wa Kongo chini ya mibuyu. Zamani kufika huku kulilazimu kivuko cha Likoni; siku hizi barabara ya Dongo Kundu humwezesha anayeshuka kituo cha reli cha Miritini kwenda kusini bila kuingia kisiwani.

Nyali, Bamburi na Shanzu ni mahali pa wanaopenda kuchangamka. Vipo vyumba vizuri, lakini anayetafuta kimya asivitazamie huko mwishoni mwa wiki.

Majirani wa chumba

Idadi ya nyota haipimi utulivu. Mamlaka ya Kudhibiti Utalii hupanga hoteli kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, vinavyohusu majengo, huduma, usafi na usalama. Hoteli ya nyota tano yenye vyumba 200 inaweza kuwa na makelele kuliko nyumba ya wageni yenye vyumba 10 isiyo na nyota hata moja.

Idadi ya vyumba ndiyo dalili ya kwanza. Dalili ya pili ni kumbi za mikutano. Wafanyakazi wa Dagahaley wanajua vyema kwamba mashirika na idara za serikali hupenda kufanyia semina zao pwani. Mwenye kwenda fungate hatafurahi kukutana na meneja wake kwenye foleni ya kiamshakinywa. Inafaa kuuliza waziwazi kama kuna semina, harusi au kundi la wanafunzi katika tarehe zinazokusudiwa. Dalili ya tatu ni mahali chumba kilipo: umbali wake kutoka jikoni, baa, jenereta na kidimbwi cha kuogelea.

Hali kadhalika, msafiri ajue sheria kuhusu ufuo. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinataja ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hakuna hoteli inayomiliki sehemu hiyo, hata kama tangazo linadai ufuo wa kipekee. Wavuvi, wachuuzi wa vinyago na vijana wenye boti wana haki ya kupita. Wasiotaka kusalimiwa kila hatua wachague mahali palipo mbali na njia za umma, au nyumba yenye ua. Jibu la upole na thabiti, likitolewa siku ya kwanza, kwa kawaida hutosha.

Chakula, ibada na stara

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi katika eneo la Dagahaley, kuna maswali yasiyoandikwa katika matangazo. Je, nyama ni halali? Hoteli zenye cheti cha Kenya Bureau of Halal Certification zinaweza kukionyesha. Je, pombe huuzwa, na baa iko wapi? Katika mji wa Lamu, ambao wakazi wake wengi ni Waislamu, nyumba nyingi za wageni haziuzi pombe; katika hoteli kubwa za Watamu na Diani, baa huwa katikati ya ua. Je, mwanamke ataruhusiwa kuogelea akiwa amevaa nguo ya kumsitiri? Baadhi ya hoteli huweka masharti kuhusu mavazi ya kidimbwini, na ni afadhali kujua kabla kuliko kubishana mbele ya watu.

Wageni wa dini yoyote wana wajibu wao pia. Vazi la kuogelea ni la ufuoni; vijiji vya Shela na Watamu ni vya watu wanaoishi na kuswali hapo. Adhana ya alfajiri itasikika, na anayeihesabu kuwa kelele achague hoteli iliyo mbali na kijiji. Wakati wa Ramadhani mikahawa mingi ya Lamu hufungwa mchana.

Jambo la afya lisisahauliwe: pwani ina malaria, na chandarua kizima ni muhimu kuliko maua kitandani, hasa kwa mke mjamzito.

Bei kamili

Bei inayotangazwa mara nyingi si bei inayolipwa. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16, na ushuru wa utalii ni asilimia 2. Chumba kinachotajwa kuwa Sh10,000 kabla ya kodi, kwa hesabu hiyo, huwa Sh11,800, na baadhi ya hoteli huongeza tozo ya huduma. Swali linalofaa ni moja: je, hiyo ndiyo bei ya mwisho?

Pili, raia na wakazi wa Kenya huwekewa bei tofauti na ya watalii wa kigeni katika hoteli nyingi. Iulizwe kwa jina lake. Tatu, ijulikane kinachoingizwa: chumba pekee, chumba na kiamshakinywa, au pamoja na chakula cha mchana na chajio. Mahali palipojitenga, ambapo hakuna mkahawa mwingine karibu, chumba kisicho na chakula kinaweza kuwa ghali mwishowe. Nne, nauli ya boti au gari kutoka uwanja wa ndege ihesabiwe mapema. Kwa Lamu na Manda ni sehemu ya gharama isiyokwepeka.

Arubuni ilipwe kwa nambari ya biashara yenye jina la hoteli, si kwa simu ya mtu binafsi, na risiti ihifadhiwe. Nyumba za kukodisha zinahitaji uangalifu zaidi, kwani matapeli hutumia picha za nyumba za wengine. Anayepewa bei ya chini ajabu, kisha akahimizwa kutuma fedha zote siku hiyohiyo, asitume.

Maswali ya kuuliza kwa simu

Mazungumzo ya dakika kumi na mtu aliyeko hotelini hufichua mengi kuliko picha mia. Maswali yafuatayo yanatosha:

Hoteli ina vyumba vingapi, na vingapi vimechukuliwa katika tarehe hizo? Kuna semina, harusi au muziki wa usiku? Chumba kiko umbali gani kutoka baa na jenereta? Maji yakipwa, kunabaki mahali pa kuogelea? Mwani hutupwa ufuoni mwezi huo? Msafiri wa basi atafikaje kutoka kituo cha mwisho, na saa ngapi ni salama? Bei iliyotajwa ina kodi zote na milo ipi? Barabara ikifungwa na mvua, arubuni itahamishiwa tarehe nyingine? Nyama ni halali? Chakula kinaweza kuletwa chumbani bila malipo ya ziada?

Anayejibu kwa subira na kwa uhakika, hata pale jibu linapokuwa la kuvunja moyo, anaeleza jinsi wageni wanavyotunzwa hapo. Anayejibu kila kitu kwa neno ndiyo aulizwe tena siku nyingine, apokee mtu mwingine. Waliotangulia walisema kuuliza si ujinga. Na kwa anayeanza safari yake kwenye mchanga wa Dagahaley, kuuliza kabla ya kulipa ndiko kunakomwezesha kuzilala siku zake chache kwa amani.